Dereva wa Meza ya Cherehani

Kristian Shechambo aliendesha Fuso la mboga kwa miaka ishirini na saba, kutoka Lushoto hadi Dar es Salaam na kurudi, na katika miaka yote hiyo, kwa ushuhuda wake mwenyewe, hakumwaga hata kabichi moja. Wapo wanaokumbuka kabichi kadhaa zilizobingirika hadi mtoni pale Soni, mwaka ule wa mvua nyingi. Ukimuuliza atakujibu kwamba zile ziliruka zenyewe. Kabichi za milimani zina afya kuliko watu wa tambarare.

Alizaliwa juu ya Gare, akasoma hadi darasa la saba, hapo mtihani ukamshinda au yeye akauacha upite, inategemea siku hiyo anasimulia nani. Alipofika miaka kumi na saba alikuwa utingo, ananing'inia nyuma ya lori na gogo la kuzuia tairi mkononi, na huko nyuma ndiko alikosomea hasa. Barabara ya kushuka Mombo ina vibao vinavyokuambia kwamba mbele kuna kona, jambo ambalo hata mbuzi analiona. Madereva wa enzi zile waliziita kona kwa majina: Kona ya Mama Mchungaji, Kona ya Sukari, Kona ya Nani Kakutuma. Kristian alizijua zote, na alipokabidhiwa usukani mwenyewe, akiwa na miaka thelathini na moja, aliweza kushuka katika ukungu usioruhusu kuona zaidi ya urefu wa fimbo, huku anapiga soga na kutafuna hindi la kuchoma.

Miaka miwili iliyopita mwenye lori akaliuza, akanunua mashamba. Kristian akabaki na leseni mfukoni na mikono isiyojua pa kwenda. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, upande wa kulia, na mahubiri yakishanoga, mkono wake wa kushoto ulianza kutafuta gia. Jirani yake wa benchi akahama.

Mkewe, Eliza, ndiye aliyempigia simu binti yao. "Janeth, mtafutie baba yako kitu cha kufanya. Jana amenifundisha namna ya kugeuza chapati."

Janeth huchora ramani katika kampuni ya upimaji wa ardhi huko Tanga. Mwaka huo kampuni ilibadilisha mashine, na zile za zamani wakapewa wafanyakazi. Basi Janeth akaja nyumbani na laptopu moja ya miaka kumi, nene, nyeusi, nzito kama Biblia ya madhabahuni, na chaja yake ukiiangusha mguuni unakwenda hospitali. Ilitengenezwa kwa ajili ya kazi, si kwa michezo. Miaka yote ilikuwa ikichora viwanja, madaraja na mabonde, na ndani yake kulikuwa na kadi ya picha ya wachora ramani, ambayo zamani, Janeth alisema, bei yake ilitosha kununua ng'ombe wa maziwa.

"Haikutengenezewa gemu, baba," alisema huku anaiwasha. "Lakini kama iliweza kuuzungusha mlima mzima uliopimwa, malori haiwezi kuyashindwa. Tutaipunguzia mzigo tu."

Akaanza kuzima vitu katika mchezo wa kuendesha malori aliokuwa ameuweka humo. Akazima vivuli. Akapunguza mawingu. Akafuta majani ya kando ya barabara.

"Barabara gani haina majani?" Kristian akauliza.

"Majani yanakula nguvu ya mashine."

"Hata huku yanakula nguvu za watu, lakini hatuyafuti."

Pamoja na laptopu Janeth alileta usukani wa plastiki wa mtumba, na pedeli zake mbili. Walihangaika kutafuta pa kuufunga. Meza ya chakula ilikuwa pana mno, stuli ikacheza. Mwishowe wakaufunga kwenye meza ya cherehani ya Eliza, kichwa cha cherehani kikiwa kimelazwa ndani, na pedeli zikawekwa sakafuni mbele ya lile kanyagio la chuma la cherehani. Kuna vijana wa mjini waliotengeneza barabara zinazofanana na za kwetu, zenye milima, bodaboda na wauza mahindi, wakaziweka mtandaoni. Janeth alimwekea baba yake hizo. Kristian akakaa, akashika usukani kwa mikono miwili, akapiga honi kabla hata gari halijawaka.

Tangu siku hiyo alikuwa na kazi. Alikunywa chai, akavaa koti lake la udereva, akakaa kwenye meza ya cherehani, akasafirisha mizigo isiyokuwapo kwenda miji isiyokuwapo, na mchana alitoka nje kunyoosha mgongo akalalamika juu ya hali ya barabara. Majirani walizoea. Mmoja akamuuliza kama anaweza kumpakilia magunia mawili ya viazi.

Sasa kuna jambo la kueleza kuhusu nyumba za huku juu. Mtu akinunua kitu cha maana hakiachi uchi. Redio inavaa kitambaa, televisheni inavaa, kila kiti kinavaa mgongoni na mikononi, na kitambaa chenyewe ni cha kufuma kwa mkono, nyuzi za pamba, maua na pindo. Eliza ni mfumaji wa kusifika. Yeye na akina mama wenzake wa kwaya hufuma hata katika kikao, wakisubiri mwalimu apate ufunguo wa sauti. Ilipoingia laptopu, kabla ya wiki kwisha ilikuwa na vazi lake, jeupe lenye njano, na tundu la kupitishia waya wa chaja. Kristian akicheza, Eliza alikikunja kile kitambaa mpaka nusu tu, nyuma kikabaki, mashine isije ikaingiwa na vumbi.

"Bibi harusi wako amevaa," alimwambia mumewe. "Usimchoshe."

Ikapita miezi sita namna hiyo. Ndipo Jumapili moja, baada ya ibada, Mzee Tobia akapanda mlima hadi nyumbani kwao. Tobia ni mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kwaya, mtu wa kupiga hatua fupi na maneno mafupi.

"Bwana asifiwe, Mzee Kristian."

"Amina. Nikimwona mwenyekiti anapanda huku kwa miguu, najua amekosa gari au amekosa dereva."

"Gari tunalo." Tobia akakaa. Dereva wa Kosta ya usharika alikuwa amehamia Korogwe kumfuata mkewe kazini. "Jumamosi ya wiki ijayo tunakwenda Bumbuli, tamasha la kwaya. Watu ishirini na sita. Alen yupo, na leseni anayo, lakini akina mama wanasema watajisikia salama ukiwa wewe."

Alen ni dereva wa pikapu ya karoti, mpwa wa Tobia, mtu mpole wa miaka ishirini na tisa. Kristian alikuwa na msemo wake juu yake: anaendesha kama amepakia mayai ya mama mkwe.

"Akina mama wanasemaje?" Kristian akauliza.

"Watajisikia salama."

"Mwenyekiti, rudia kwa sauti. Mama Janeth yuko jikoni, huenda hakusikia."

"Nimesikia!" Eliza akaitika. Lakini hakutoka jikoni, na hakucheka.

Tobia akaacha ufunguo mezani. Kristian alishinda siku nzima akiuhamisha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Usiwacheke watu wa namna hii. Mtu aliyekuwa akisimamishwa njiani na kila kijiji, kutoka Soni hadi Mombo, huyu anatuma barua, yule anatuma mbegu, kisha miaka miwili hakuna hata mtu wa kumwuliza saa ngapi anashuka, mtu huyo akipewa ufunguo wa Kosta, amerudishiwa jina lake.

Basi akaanza mazoezi. Kila siku saa tatu asubuhi yuko kwenye meza ya cherehani, si kwa kucheza tena ila kwa kazi. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kumharibikia. Jumatatu aligonga kibao cha kijiji. Jumanne aligonga bodaboda, na baada ya chakula akagonga nyingine. Jumatano alimgonga mwenye baiskeli, kisha akakwangua ukuta wa daraja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila mara alipiga meza kwa kiganja.

"Mashine inachelewa! Inamleta mtu akiwa tayari yuko kwenye bampa!"

Na si kwamba alisingizia. Laptopu ilikuwa inachelewa kweli. Feni ilinguruma kama mashine ya kusaga, chini ilichemka hata paka wa Eliza akahamia hapo, na picha zilikwenda kwa kuruka, barabara ikikatika vipande vipande. Kwenye pembe ya kioo Janeth alikuwa ameweka namba ya kuonyesha mashine inatoa picha ngapi kwa sekunde. Siku za kwanza ilikuwa inacheza kwenye hamsini. Sasa ilikuwa kumi na tisa, mara kumi na nne.

"Mwite Faraji," Janeth alisema kwenye simu. "Aifungue. Na baba, Jumamosi nenda taratibu."

"Jumamosi sina kumi na nne kwa sekunde. Jumamosi nina barabara nzima."

Faraji ni fundi wa simu na kompyuta, kibanda chake kiko karibu na soko la Lushoto, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu mpaka inakera. Alifika Jumatano ya wiki ile ya safari, na mkoba wa bisibisi ndogo.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu mgonjwa wako, ana homa."

Faraji akaipindua laptopu, akafungua skrubu moja moja, akainua kifuniko, akatazama ndani. Kisha akatazama kile kitambaa cheupe chenye njano kilichokunjwa pembeni. Akachukua kibanio, akaingiza kwenye feni, akavuta. Ukatoka uzi wa pamba. Akavuta tena, likaja shungi zima, laini, limeshikana na vumbi, saizi ya kifaranga.

"Mama," alisema kwa upole, "nadhani hapa kuna kitambaa kingine kilikuwa kinafumwa."

Eliza akashika mdomo. "Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Si kosa, mama. Ni kuitunza. Ila hii inapumulia nyuma, na kitambaa kilikuwa kimeiziba pua. Ikipata joto inajipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua."

"Umesikia, Mama Janeth?" Kristian akadakia, na furaha yake ilikuwa kubwa kuliko habari yenyewe. "Nilisema! Nilisema ni mashine! Wiki nzima nagonga watu kwa ajili ya kufuma kwako!"

Faraji akaisafisha feni kwa brashi, akafuta ile dawa ya zamani ya kupozea iliyokauka kama ugali wa jana, akapaka mpya, nyeupe, kama dawa ya meno. Akafunga. Akaiwasha, na kabla ya kumwachia Kristian akaseti irekodi kila kinachopita kwenye kioo, apate kuona baadaye kama picha bado zinakatika.

Hazikukatika. Namba ikapanda hamsini, hamsini na sita, ikatulia hapo. Feni ilisikika kwa mbali tu. Barabara ikateleza kama uji. Kristian akainamisha kofia, akatia gia, akapanda mlima wa kwanza, akashuka, akaingia kona ya kulia kwa ufundi ambao hata Faraji alitikisa kichwa.

"Hapo sasa! Mnaona? Dereva alikuwepo siku zote, ni farasi aliyekuwa na mafua!"

Akaingia kijijini. Maduka kulia, maduka kushoto. Puu! Lori likatikisika, kioo kikawa chekundu pembeni. Bodaboda.

"Ametoka wapi huyu?" Kristian akauliza.

Namba kwenye pembe ilikuwa bado hamsini na sita.

"Fundi, irudishe nyuma. Bado inachelewa hii."

Faraji akairudisha ile rekodi, akaiacha ipite taratibu. Lori linaingia kijijini. Upande wa kushoto wa kioo, kando ya duka lenye rangi ya kijani, anatokea mtu wa bodaboda, koti jekundu. Hakuruka wala hakuchelewa. Alitokea mbali, akasogea, akasogea, akaingia barabarani, na sekunde zilikuwa zinajihesabu chini ya kioo, moja, mbili, tatu, nne. Eliza alikuwa ameinua kidole kumwonyesha tangu sekunde ya kwanza, lakini kidole kikaishia hewani.

Faraji akazima ile rekodi. Alikuwa anatazama bisibisi zake.

"Labda mzee ulikuwa unaangalia kioo cha nyuma," alisema.

Maneno hayo yalikuwa mlango wa kutokea kwenye aibu, na Kristian akaupita haraka. "Ndiyo. Kioo cha nyuma. Kulikuwa na basi."

"Ndiyo, mzee."

Kijana wa watu hawezi kumwambia mtu wa umri wa baba yake zaidi ya hapo. Alikusanya vitu vyake, akanywa chai aliyoandaliwa, akaaga. Mlangoni akasimama kidogo, mgongo wake ukiwa kwao.

"Mzee, mashine sasa haina tatizo tena."

Kristian akarudi kwenye usukani. Akaendesha ile barabara upya, akaenda mpaka kijiji kile kile, na safari hii alijua yule mtu yuko wapi, akageuza kichwa kizima kushoto kama kuku, akamwona. Akapita salama. Alipokuwa bado anashangilia, akakwangua kibanda cha mahindi kilichofuata. Akaanza tena. Mara ya tatu alimgonga mwanamke aliyebeba kikapu.

Mchezo ule haudai usimame. Ukigonga mtu anarushwa pembeni, baada ya muda anatoweka, barabara inakuwa safi na mzigo wako unaendelea. Wiki nzima Kristian alikuwa akiendelea, anatukana mashine na kukanyaga mafuta. Safari hii alivuta lori pembeni, akavuta hendibreki, akawasha taa za tahadhari, akakaa. Taa za kijani kwenye dashibodi zikawa zinapepesa. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, mtu mzima mwenye koti la udereva mbele ya meza ya cherehani.

"Mama Janeth, njoo na sindano yako ya kufumia."

Eliza akaja nayo, ile ya chuma yenye ndoano.

"Simama nyuma yangu. Mimi nitatazama hapa katikati ya kioo, sigeuki. Wewe ipitishe kutoka pembeni, taratibu. Nikiiona nitasema."

Eliza akaanza upande wa kulia. "Naiona," Kristian alisema, hata kabla haijafika ukingo wa kioo. Akahamia kushoto. Kristian akangoja. Paka akajinyoosha. Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Umeshaanza?"

"Nimeshaanza," Eliza alisema.

"Basi ipitishe."

"Naipitisha, Baba Janeth."

Alipoiona ilikuwa karibu na pua yake.

Eliza akaiweka ile sindano juu ya meza, na Kristian akatambua kwamba ameiweka upande wa kulia. Kikombe chake cha chai kilikuwa kulia pia. Sahani ya mchana ilikuwa kulia. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mke wake alimwekea kitu kushoto.

"Tangu lini?" akauliza.

"Msimu wa mapeasi wa mwaka jana. Ulimwaga vikombe vitatu kwa wiki moja. Nikaanza kuweka huku."

"Na hukusema."

"Ningesemaje? Nimwambie Kristian Shechambo haoni?" Alivuta stuli, akakaa. "Nilifikiri ni uzee tu. Halafu ulikuwa huendeshi tena. Nikasema, vikombe si watu."

"Na Tobia alipokuja na ufunguo?"

"Ulivyofurahi," alisema, "ningesema ningekuwa mchawi."

"Kwa hiyo Jumamosi ungepanda?"

"Ningepanda."

"Unajua, na ungepanda."

"Ningekaa nyuma yako, upande wa kushoto. Nikusemee."

Kristian akaipima ile sentensi kama alivyokuwa akipima breki kabla ya kuteremka. Njia ya kutoka Soni kwenda Bumbuli ina miteremko ambayo upande mmoja ni ukingo wa mlima na upande wa pili ni mapaa ya nyumba za watu. Alimwona Eliza amekaa pale, amevaa sare ya kwaya, anaimba alto na huku anamwambia kuna mtoto, kuna ng'ombe, kuna shimo. Mpaka amalize neno, Kosta imeshafika.

Siku ya pili yake akaenda kwa daktari wa macho, na njiani alikuwa bado na tumaini la miwani. Daktari akamkalisha mbele ya mashine, akapuliza upepo jichoni, akamweleza. Ni presha ya macho, yote mawili, na imekula upande wa kushoto zaidi. Haiumi, ndiyo maana mwenyewe hajui, kwa sababu ubongo unajaza pale palipotoboka kwa vitu vya kubuni. Kilichokwenda hakirudi. Matone haya, asubuhi na jioni, ni ya kukilinda kilichobaki. Na kuendesha, hapana.

"Hata Kosta tu?" Kristian aliuliza.

"Hata mkokoteni, mzee."

Sasa ufunguo ulikuwa bado mfukoni, na daktari hamjui Tobia, hawezi kumwambia. Ijumaa mchana, akishuka kwenda kanisani kwenye mazoezi ya mwisho ya kwaya, Kristian alitengeneza uongo mzuri kabisa. Ungekuwa mgongo. Kila dereva wa lori ana mgongo, hakuna anayeudai ushahidi. Alianza hata kuchechemea kidogo alipokaribia.

"Mwenyekiti, huu mgongo umenishika tangu juzi."

Tobia akamsikiliza kwa huruma. "Pole sana. Basi kesho Alen atatupeleka. Wewe upone, mwezi wa kumi na mbili tuna Krismasi Mombo, hiyo ndiyo safari yako hasa. Ufunguo kaa nao."

Kristian akasimama pale. Mombo. Kona ya Mama Mchungaji, Kona ya Sukari, zote. Akaona jinsi mgongo utakavyopona, kwa sababu migongo hupona, na jinsi atakavyojiambia kwamba zile kona anazijua hata akifumba macho. Alikuwa tayari ameanza kujiambia.

Akaingia ndani. Kwaya ilikuwa imesimama kwa sauti zake nne. Akamwomba mwalimu asubiri, akazungumza kwa Kishambaa, maana Kiswahili chake ni cha barabarani, kina majigambo mengi, na hapo hakutaka kimponyoke.

Alisema: Mimi sina mgongo. Mimi sioni kushoto. Nilifikiri ni ile kompyuta ya Janeth, tukaisafisha, kumbe ni mimi. Daktari amesema haitarudi. Msinipe tena ufunguo, hata nikiomba, na mnanijua nitaomba.

Ndipo Paskalina, mwimbaji wa sauti ya kwanza, mama mnene asiyemwogopa mtu, akasema, "Kumbe ndiyo maana hunisalimii kanisani! Mimi nakaa kushoto kwako mwaka wa pili huu!"

"Wewe nilikuwa nakuona, Paskalina," Kristian akamjibu. "Nilikuwa sitaki tu."

Kwaya nzima ikaangua kicheko, na katika kicheko kile akatoa ufunguo akampa Alen, aliyekuwa amesimama na sauti ya nne. Alen akaupokea kwa mikono miwili. Akasema, "Asante, baba."

"Usinishukuru. Nitakaa mbele, pembeni yako, kukusumbua."

Na kweli Jumamosi alikaa mbele. Kosta iliondoka Lushoto ukungu ukiwa bado mabondeni, akina mama wakiwa na sare za zambarau na mabakuli ya chakula magotini, Eliza katikati yao. Kristian alikuwa kwenye kiti cha kushoto, mahali ambapo hajawahi kukaa katika maisha yake ya utu uzima. Mpaka Soni alikuwa amemkosoa Alen mara kumi na moja: gia ya tatu hapa, achia mafuta, honi kabla ya kona na si katikati yake. Alen aliitika kila mara, na kila mara alifanya anachotaka.

Baada ya Soni, njia ilipogeuka kuelekea Bumbuli, Kristian akapunguza maneno. Alikuwa anajaribu kuitazama barabara na haikuwa yote. Aliona tuta la kulia, majani ya chai kwa mbali, mtaro. Upande wa pili ulionekana mzima kabisa, kijani safi, na sasa alijua kwamba sehemu yake ni ya kubuni.

Wakaingia mteremko mwembamba. Kwaya nyuma walikuwa wameanza wimbo. Ghafla Alen akakanyaga breki, si kwa nguvu, kwa kiasi tu, Kosta ikaenda mwendo wa mtu anayetembea. Kristian hakuona chochote. Akangoja. Kisha, karibu kabisa na dirisha lake, mkono ungeweza kugusa, akatokea mwanamke mwenye mzigo kichwani, akapita, akapotea nyuma.

Alen akaachia breki taratibu.

"Alikuwa amebeba nini?" Kristian akauliza.

"Majani ya ng'ombe, mzee."

"Mengi?"

"Mengi. Alikuwa haoni pembeni hata yeye."

Kristian akatikisa kichwa, akaegemea kiti. "Hapo mbele kuna kona mbili zimeshikana," alisema baada ya muda. "Ya pili ndiyo mbaya. Unaionaje?"

"Naiona," Alen akajibu. "Kuna mtoto na mbuzi wawili, wako pembeni, wametulia."

"Haya," Kristian akasema. "Endelea."